Nilihesabu Ekari, Sikupima Tuta

Nilinunua planta ya mistari minne nikaileta kwenye matuta ya Mukuyuni. Pesa hazikuwa zangu peke yangu. Zilikuwa za kikundi chetu, na mimi ndiye niliyewashawishi wenzangu, ndiye niliyekwenda kuichagua, ndiye niliyetia sahihi. Hakuna aliyenidanganya. Nilikosea mwenyewe.

Nayaandika haya kwa sababu kila ifikapo Agosti naona vikundi vya wakulima huku Makueni na kule Kitui vikianza kuchangishana na kuulizia bei za mashine, na maswali yanayoulizwa ni yale yale niliyouliza mimi. Inapanda ekari ngapi kwa siku? Inataka trekta ya nguvu kiasi gani? Vipuri vyake vinapatikana? Ni maswali ya maana. Mimi nilikuwa na majibu yake yote, na bado nikanunua mashine isiyolingana na shamba.

Anayelima huku anaijua shida iliyotufikisha hapo. Tuna misimu miwili ya mvua, lakini tunayoitegemea ni ya vuli, inayoanza mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba na kukatika Desemba. Mvua ya Machi hadi Mei mara nyingi hutuangusha. Chakula cha mwaka mzima basi kinategemea wiki chache, na mkulima aliyechelewa kupanda huyakuta mahindi yake ndiyo kwanza yanatoa mbelewele wakati mvua imeshakata. Ndiyo maana mahindi ya Katumani, yaliyotoka kwenye kituo cha utafiti cha Katumani karibu na Machakos mwishoni mwa miaka ya 1960, yalipendwa sana: hukomaa kwa takriban miezi mitatu. Ndiyo maana pia wengi wetu hupanda kwenye ukavu, kabla tone la kwanza halijaanguka, ili mbegu ikae ardhini ikiingoja mvua.

Kikundi chetu kilikuwa na ekari 40 na ushei, ukijumlisha vipande vya wanachama wote. Tulizoea kupanda kwa plau. Maksai wawili mbele, mtu mmoja ameshika mikono ya plau, mwingine anafuata nyuma akidondosha mbegu kwenye mfereji, kisha plau inaporudi inafunika. Mfereji mmoja unatiwa mbegu, mmoja au miwili inarukwa. Njia hii ina sifa zake na bado naiheshimu, lakini inakwenda polepole na maksai walikuwa wachache. Wenye maksai walijipandia kwanza, na ni haki yao. Wajane na wazee wasio na ng'ombe walipandiwa mwisho, na hao ndio waliovuna kidogo msimu baada ya msimu. Jambo hilo lilikuwa likiniuma kwa miaka. Niliposimama mbele ya kikundi kupendekeza mashine, hao ndio niliowataja. Nia ile siijutii.

Ninachojuta ni hesabu. Kabla ya kustaafu nilikuwa mwalimu wa hesabu, kwa hiyo nilichukua chaki nikaandika ubaoni. Mistari minne yenye nafasi ya sentimita 75 ni upana wa mita 3. Trekta ikienda kilomita 5 kwa saa inafunika mita za mraba 15,000, yaani hekta moja na nusu, karibu ekari 3.7. Mashine haifanyi kazi bila kusimama, kwa hiyo nikatoa asilimia 40 kwa ajili ya kugeuza na kujaza mbegu na mbolea. Zikabaki ekari 2 na kidogo kwa saa. Kwa siku ya saa nane, ekari 17 hivi. Ardhi yote ya kikundi ingekwisha kwa siku tatu, na mjane wa mwisho angepandiwa kabla ya wiki moja kuisha.

Kila mstari ubaoni ulikuwa sahihi. Watu walipiga makofi. Mama mmoja aliyekuwa ameketi karibu na mlango aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, na itapita wapi?" Nikamjibu kwamba trekta hupita popote plau inapopita. Sikuwa na ushahidi wowote wa jibu hilo. Nililitoa kwa sababu nilikuwa nimesimama mbele, chaki iko mkononi, na makofi yalikuwa yameshapigwa.

Hapa lazima nieleze shamba la Mukuyuni kwa asiyelijua. Sisi tuko kwenye vilima vya upande wa Kaiti, kabla ardhi haijashuka kuelekea Wote. Mashamba yamekatwa matuta ya fanya juu: unachimba mtaro kwa kufuata kontua, udongo unaurusha upande wa juu kuwa kingo, unapanda nyasi kwenye kingo hiyo, na miaka inavyokwenda mvua yenyewe inasogeza udongo hadi mteremko unakuwa kama ngazi. Mama yangu ni mmoja wa waliochimba, katika mwethya, wanawake wakipokezana mashamba huku wakiimba. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kuhusu Machakos ya zamani, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi 1992, wakaonyesha jinsi ardhi iliyodhaniwa miaka ya 1930 kuwa imekufa ilivyoponywa kwa matuta hayo hata watu walipozidi kuongezeka. Nimeishi juu ya matuta hayo tangu kuzaliwa. Ubaoni sikuandika hata tuta moja. Asilimia 40 niliyoitoa ilikuwa ya shamba refu la tambarare, lile la kwenye mifano ya vitabu.

Palikuwa na msukumo mwingine pia. Mwaka 2018 serikali ya Kaunti ya Kitui, chini ya gavana Charity Ngilu, ilikuwa imeanzisha kampeni kubwa ya kulima ndengu, na habari zake zilivuka mpaka zikatufikia. Kila mtu alikuwa akizungumza juu ya ndengu za kuuza. Nilipotazama picha za trekta ikipanda mistari mirefu kule chini kwenye tambarare, nilianza kuliona shamba letu katika picha hizo, na hilo ni kosa ambalo mtu mwenye akili zake anaweza kulifanya bila kujijua.

Tukakopa kwenye ushirika wa akiba na mikopo, tukaongezea michango, nikasafiri hadi Bonde la Ufa kwa muuzaji wa mashine zilizokwisha kutumika. Uani palikuwa na planta mbili zilizokuwa katika uwezo wetu, moja ya mistari miwili na moja ya minne. Muuzaji aliniambia ya minne ni ndogo, kwamba kwa wakulima wakubwa wa Trans Nzoia hiyo ni ya kuanzia tu, na kwamba Marekani mashine za mistari 16 na 24 ni kitu cha kawaida. Alisema kweli. Ile ya mistari miwili ilikuwa imeegeshwa pembeni, nikaitazama mara moja nikaona ni umaskini. Ingetugharimu karibu nusu ya bei. Nikalipa shilingi 740,000 kwa ile ya minne.

Sikumuuliza muuzaji swali moja juu ya kugeuza. Sikupima upana wa fremu yake. Sikumwambia kwamba nalima matuta.

Tulianza kupanda mwishoni mwa Oktoba, ardhi ikiwa bado kavu, kwa trekta ya kukodi ya nguvu za farasi 50. Shida ya kwanza ilitokea kabla hatujafika shambani. Planta yenyewe ni mita 3 na zaidi, na njia ya kwetu inapita katikati ya nyua za mkonge. Dereva alisimama. Tulikwenda kumwomba jirani ruhusa, tukakata mkonge wake upande mmoja, na huo ulikuwa mkonge uliopandwa na baba yake. Alikubali kwa heshima ya kikundi. Nilimlipa baadaye, lakini mkonge haukui kwa msimu mmoja.

Tuta la kwanza lilikuwa lile pana lililo karibu na barabara, na pale mashine ilifanya kazi nzuri kuliko nilivyotarajia. Mistari minne imenyooka, mbolea iko kando ya mbegu kwa kipimo kile kile, gurudumu la nyuma linashindilia udongo taratibu. Watu walikuja kutazama. Nilipiga simu kwa wanachama wa upande wa pili wa bonde nikawaambia wasiwe na wasiwasi. Wanawake walikuwa wamepanga mwethya wa kupanda wiki hiyo, kwa majembe na maksai wawili watatu, na mimi ndiye niliyewaambia waahirishe.

Tuta la pili lilikuwa na upana wa mita 10 hivi, kama yalivyo mengi ya kwetu. Mkondo wa kwanza na wa pili ulipita. Mkondo wa tatu ulikuwa upande wa chini, ambako kingo imeinuka na nyasi zimeshika. Kitengo cha mwisho cha planta kikapanda juu ya kingo. Fremu ni chuma kimoja kigumu. Kitengo kimoja kikiinuka, cha jirani yake kinainuka nacho. Kwenye mashine ile sahani inayogawa mbegu huzungushwa na gurudumu linalotembea juu ya udongo, na gurudumu lililoacha udongo halizungushi kitu. Kwa hiyo mstari wa mwisho haukupata mbegu kabisa, na mstari wa pili yake ulipata mbegu zilizoachwa juu ya ardhi, zimelala wazi na rangi yake nyekundu ya dawa. Niliinama nikaanza kuzifukia kwa kidole cha gumba. Niliendelea hivyo hatua kadhaa, nikidhani dereva hakushusha mashine vizuri.

Mwisho wa tuta trekta ilitaka kugeuka na haikuwa na pa kugeukia. Dereva alikuwa akiinua planta mita 7 kabla ya mwisho, anakwenda mbele, anarudi nyuma, anakata usukani, anakwenda mbele tena. Kila alipogeuza, magurudumu yalishindilia udongo ule ule tuliokuwa tumeulima.

Mzee jirani yangu, ambaye maksai wake ndio waliokuwa wakinipandia miaka yote, alikuwa amekaa kwenye kingo ya tuta la juu, fimbo iko magotini. Akaniita.

"Mwalimu."

"Naam, mzee."

"Hii mashine uliipimia shamba gani?"

Hakuwa akinikejeli. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua, kwa sababu aliamini lazima nililipima shamba fulani. Nikafungua mdomo nimjibu, nikakuta sina shamba la kumtajia. Nilikuwa nimepima ekari 40, na ekari 40 za namna ile hazipo Mukuyuni. Kilichopo ni vipande vya matuta, kila kimoja na upana wake, urefu wake, na mwembe wake katikati. Hapo ndipo nilipojua. Haikuwa dereva, haikuwa muuzaji, wala si udongo. Nilimwambia, "Mzee, sikupima." Akatikisa kichwa polepole, akasema basi tumalizie hilo tuta kwa mkono kabla kwale hawajaziona mbegu.

Jioni ile nilichukua kamba nikaifunga mafundo ya mita moja moja, nikaenda na kijana wangu kufanya nilichopaswa kukifanya miezi mitatu kabla. Tuta la pili lilikuwa na urefu wa mita 60 na upana wa mita 10. Mikondo mitatu ya mita 3 inachukua mita 9, moja inabaki. Mita 7 za kugeuzia kila upande ni mita 14, kwa hiyo mstari unaopandwa ni wa mita 46. Mita 46 mara 9 ni mita za mraba 414, katika tuta la mita 600. Karibu theluthi moja ya shamba inabaki bila kupandwa na mashine niliyoinunua ili ipande. Kwenye shamba la tambarare sehemu ya kugeuzia hupandwa mwisho kwa kupita kwa kukingama, lakini juu ya tuta la mita 10 trekta haiwezi kukaa kwa kukingama. Tena hapo nimehesabu kana kwamba mkondo wa chini hauparamii kingo. Maksai wenye planta ya mstari mmoja wangeacha mita 3 tu kila upande, na mistari 11 ya sentimita 90 ingejaa ndani ya tuta lile lile bila kubakisha mahali pa kutosha hata kulaza jembe. Hesabu hiyo haihitaji chuo. Inahitaji kamba.

Tuliendelea na mashine kwenye matuta mapana, kwa sababu trekta ilikuwa imeshalipiwa. Badala ya ekari 17 kwa siku tulipata 4 au 5, kwa sababu kutoka tuta moja hadi jingine ilibidi trekta itoke nje kabisa, izunguke, iingie upya. Kisha mvua ikaanza. Udongo wetu mwekundu ukilowa trekta nzito inateleza kwenye mteremko, na mwenye trekta alikuwa na wateja wengine wanaomngoja, hivyo akaondoka. Wanawake walirudi kupanga mwethya waliouahirisha kwa neno langu, lakini maksai walikuwa tayari kwenye mashamba ya wenyewe. Wajane walipandiwa mwisho. Mara hii walichelewa kuliko miaka ambayo hatukuwa na mashine yoyote.

Ndengu nazo zilikuwa na kisa chao. Sahani zilizokuja na planta zilikuwa za mahindi. Ndengu aina ya N26 ni ndogo na laini, zinapita kwenye tundu la mahindi mafungu mafungu, kisha pengo, kisha fungu jingine. Sahani za ndengu zipo kwa mashine nyingi, lakini huulizwa kabla ya kulipa, na huja na mashine. Nilizifuatilia baada ya kulipa. Zilifika msimu umeshapita. Ndengu zote tulipanda kwa mkono.

Nilidhani hasara imeishia hapo, hadi palizi ilipofika. Ukambani tunapalilia kwa maksai: plau inapita katikati ya mistari miwili, na kila ng'ombe anatembea katika nafasi ya pembeni yake. Ili wasikanyage mahindi, nira ya kupalilia huwa na urefu mara mbili ya nafasi ya mistari. Sisi nira zetu zimetengenezwa kwa mistari ya sentimita 90, yaani karibu mita 1.8 kutoka shingo hadi shingo. Planta ilikuwa imefungwa kwa sentimita 75 na vifungo vyake vilikuwa vimeshika kutu. Kwa nira ile, kila ng'ombe alikuwa akitembea ubavuni kabisa mwa mahindi, na kwenye kona za kontua alikuwa juu yake. Baada ya kupoteza mstari mzima kwenye shamba la mama mmoja tukaacha, tukapalilia kwa jembe la mkono, na jembe la mkono lina malipo ya vibarua. Katika hesabu zangu zote sikuwahi kufikiri kwamba nafasi inayochaguliwa siku ya kupanda ndiyo inayoamua ni chombo gani kitaingia shambani mwezi unaofuata. Mkulima yeyote wa plau angeniambia. Niliwaalika wapige makofi, sikuwaalika waniambie.

Gharama yake ni hii. Planta tuliiuza msimu uliofuata kwa shilingi 420,000, kwa mtu wa tambarare anayeitumia hadi leo na anaisifu. Tulipoteza 320,000 kwenye bei peke yake, juu yake riba ya mkopo, kodi ya trekta, mkonge wa jirani na vibarua wa palizi. Wanachama wawili walijitoa. Mimi niliacha uenyekiti na nikachukua sehemu kubwa ya mkopo uliobaki kuwa juu yangu. Kikundi kilikubali, na kilikuwa na haki ya kukubali. Mjane mmoja alinunua mahindi kuanzia Machi. Kwa kawaida huanza kununua Mei.

Nisieleweke kwamba nawapinga wenye matrekta. Ukiteremka Kibwezi, au ukivuka kwenda Mutomo na Ikutha kule Kitui Kusini, utakuta ardhi ambapo mistari minne inapanda asubuhi hadi jioni bila kukutana na kingo, na mkulima wa huko mwenye ekari nyingi akishikilia maksai wawili naye atakuwa amekosea, kwa upande wa pili. Mvua itamkuta hajafika nusu. Mashine ndogo mno ina hasara zake, na hazionekani kwa haraka kwa sababu hakuna chuma kinachokwama; unaona tu mavuno ya shamba la mwisho. Kipimo changu sasa ni siku. Najiuliza kwanza nina siku ngapi za kupanda kabla na baada ya mvua kuanguka, kisha natafuta mashine ndogo kuliko zote inayoweza kumaliza ndani ya siku hizo, na kuingia kwenye tuta jembamba kuliko yote. Ikiwa mashine moja haiwezi yote mawili, basi mbili ndogo.

Ndivyo tulivyofanya hatimaye. Pesa za mauzo tulizigawa: sehemu ikalipa mkopo, sehemu ikanunua planta za mstari mmoja za kukokotwa na maksai. Aina hizi si ngeni Afrika Mashariki. Mradi wa kilimo hifadhi wa FAO ulioanza mwaka 2004 nchini Kenya na Tanzania uliwafikia wakulima wa sehemu kama Karatu na planta za mkono na za kukokotwa na wanyama, nyingine zikitoka Brazil, ambako kampuni kama Fitarelli huzitengenezea wakulima wadogo wa milimani. Mtu mzima mmoja anaweza kuinua ya kwetu na kuivusha kingo akisaidiwa na kijana. Inapanda ekari 2 hivi kwa asubuhi moja, kabla jua halijawachosha ng'ombe. Timu nne zikitoka pamoja, ekari za kikundi zinakwisha kwa siku tano. Mistari tunaiweka sentimita 90, nira zetu zinaingia, na ndengu zina sahani yake. Mwethya haujavunjwa; kona, kingo na chini ya miembe hupandwa kwa mkono kama zamani. Na tumebadilisha zamu: planta ya kwanza kutoka huenda kwa wasio na ng'ombe, wenye maksai wakijua kwamba zamu yao itafika kabla ya wiki kuisha. Kanuni hiyo haikuhitaji mashine yoyote. Tungeweza kuipitisha siku ile ile niliposimama ubaoni.

Ukiwa karibu kununua, usianze na muuzaji. Anza na shamba lako jembamba kuliko yote, siyo lile la kando ya barabara unalopenda kuwaonyesha wageni. Pima upana wake, urefu wake, na nafasi ya kugeuzia kila mwisho. Pima njia ya kufika huko na geti la mwisho. Muulize anayepalilia anataka nafasi gani. Uliza sahani za kila mbegu unayoipanda, na uzione kwa macho yako zikiwa mezani kabla hujatoa pesa. Muulize mwenye trekta ni nani mwingine anayemngoja wiki hiyo. Na mtu aliyeketi karibu na mlango akikuuliza itapita wapi, funga kikao, mwende naye shambani mkapime.

Kamba yangu ya mafundo ninayo bado, na inaazimwa bure. Njoo uichukue kabla hujatia sahihi.